Mkebe wa chai wa Yamanaka, baada ya miaka miwili jikoni kwangu

Nianze na kifuniko, maana ndicho kilichonitoa pesa. Ukikiweka juu ya mkebe na kukiachia, hakianguki. Kinateremka polepole, hewa ikitoka pembeni kama mtu anayeshusha pumzi, mpaka kinakaa na mstari wa maungio unapotea. Unabaki na kipande cha mti cha rangi ya tende iliyoiva, usijue kinafunguliwa wapi. Dukani nilikirudia mara nne au tano, na mama mwenye duka akaniacha nicheze nacho bila kusema neno.

Ni vyema msomaji ajue ninaviangalia vitu hivi kwa jicho gani. Mimi ni mzaliwa wa Mji wa Kale, Mombasa. Kabla ya kuolewa na kuhamia Kanazawa, Japani, nilifanya kazi miaka sita katika chumba cha kuonja chai, mle mjini ambamo chai ya Kenya na ya majirani zake hupigwa mnada kila wiki. Miaka yote hiyo sikufukiza udi nguo zangu za kazi, wala sikuvaa asumini siku ya kazi, kwa sababu chai hunyonya harufu ya chochote kilicho karibu. Ina maadui wanne: mwanga, hewa, unyevu na harufu ya jirani. Kwa hiyo mtu akinionyesha chombo cha chai, hata kiwe kizuri kama kito, swali langu la kwanza ni kitailinda chai na wale wanne au hakitailinda.

Mkebe ninaousifu hapa niliununua Oktoba 2023 huko Yamanaka Onsen, mji mdogo wa chemchemi za maji moto katika mkoa wetu huu wa Ishikawa. Bei ilikuwa yen 16,500. Mamangu nilipompigia simu kumwambia, alinyamaza kwanza. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, mkebe tu? Hauna hata chai ndani?" Hauna. Ndiyo maana naandika kwa kirefu, ili mwenye kutaka kutoa pesa hizo ajue anapata nini.

Hapa Ishikawa kuna msemo kuhusu vyombo vya mbao vilivyopakwa urushi, utomvu wa mti ambao Wajapani hupakia vyombo: mbao ni Yamanaka, upakaji ni Wajima, michoro ya dhahabu ni Kanazawa. Yamanaka ni mji wa wakereza. Ukivijua vile vitanda vya kale vya Lamu vyenye miguu ya kukerezwa, basi unajua mwanzo wa kazi hii, ila hawa wameipeleka mahali pengine kabisa. Wakereza wa kwanza walifika bonde lile mwishoni mwa karne ya 16, wakakaa kijiji cha juu mtoni kinachoitwa Masago, na kazi haijakatika tangu hapo. Mkereza wa Yamanaka hufua mwenyewe vyuma vyake vya kukerezea. Kerezo lake huzunguka mbele na nyuma, analiendesha kwa mguu, na anaweza kuupunguza ubao mpaka mwanga wa taa uonekane kwa upande wa pili.

Siri ya kifuniko changu iko kwenye namna ya kukata gogo. Kwingi Japani gogo hupasuliwa mbao kwa urefu, kisha chombo kinakerezwa kutoka kwenye ubao uliolala. Yamanaka hulikata gogo kwa mapande ya mviringo, kama unavyokata muhogo wa kuchemsha, na kila chombo husimama kama mti ulivyosimama msituni. Mbao iliyokatwa hivyo haipindiki kirahisi ikikauka. Bakuli likipinda kidogo hakuna atakayejua, lakini chombo chenye kifuniko kikipinda unywele mmoja kitakwama au kitalegea. Ndiyo maana vyombo vya chai vya mbao vya Japani, kwa wingi wake, hutoka bonde hili. Kabla ya kukerezwa kwa mara ya mwisho, mapande yale hukaushwa kwa moshi wa vumbi na maganda yaliyotoka kwenye kerezo lenyewe.

Mkebe wangu ni wa keyaki, mti mgumu wenye nyuzi zinazoonekana wazi. Umepakwa kwa njia ya kufuta: unapaka urushi mbichi, unaifuta kwa kitambaa, unaiacha ikauke, unarudia. Mama wa duka aliniambia wangu umepitia mara sita. Kwa kuwa haukufunikwa kwa rangi nzito, mistari ya mti inaonekana, na mistari ya kifuniko inaendelea ile ya mwili. Ukikizungusha vibaya haikutani. Mimi kila asubuhi nakizungusha mpaka ikutane, hata nikiwa nimechelewa basi.

Sasa urushi yenyewe, maana hapa ndipo watu wengi wa kwetu huniuliza kama ni vanishi tu. Siyo. Ni utomvu wa mti, na mti huo ni wa ukoo mmoja na mwembe na mkorosho. Mtoto yeyote wa pwani aliyewahi kung'ata embe bichi akatoka mabaka mdomoni anaijua tayari tabia ya urushi mbichi. Wanaobangua korosho kule Mtwara, wanaojilinda na mafuta ya maganda yasiwaunguze vidole, wanaijua zaidi. Mimi embe huniwasha midomo tangu utotoni, kwa hiyo nilimuuliza mama wa duka moja kwa moja kama mkebe utanidhuru. Akasema ikishakauka sawasawa haina neno, bali nisikubali kuigusa ikiwa mbichi, hata nikialikwa karakana. Nimeushika kila siku kwa miaka miwili na sijapata hata upele mmoja.

Mti wa urushi hugemwa kwa kukatwa mistari kwenye gome, kuanzia Juni mpaka vuli inapokwisha. Mti wa miaka kumi na zaidi hutoa mililita 200 hivi kwa msimu mzima, yaani kikombe kimoja, na baada ya hapo wagemaji wengi huukata. Joboji, katika mkoa wa Iwate, ndiko kunakotoka sehemu kubwa ya urushi ya Japani yenyewe, lakini nyingi inayotumika nchini huagizwa China. Nikifikiria kikombe kimoja kwa mti mzima, yen 16,500 hainiumi tena.

Jambo lililonishangaza kuliko yote ni kwamba urushi haikauki kwa jua wala kwa upepo. Inataka unyevu. Vyombo vilivyopakwa huwekwa kwenye kabati lenye hewa ya majimaji, lenye joto la nyuzi 20 na kitu, na kabati hilo Wajapani huliita kwa jina lile lile la bafu. Mimi niliyekulia mahali ambapo nguo za masika hukaa kambani siku tatu bila kukauka, nilihisi nimekutana na kitu cha kwetu. Chombo kilichozaliwa kwenye unyevu hakiogopi Juni na Julai za huku, mvua inaponyesha wiki nzima na kuta kutoa jasho. Kinachokiudhi ni ukavu, na nitafika huko.

Lakini kwanza niwape kosa langu, ili lisiwe lenu. Mkebe huu haukuwa chombo changu cha kwanza. Mwaka mmoja kabla yake niliagiza mtandaoni natsume. Natsume ni kile kijaluba cha mviringo kinachotumika kwenye shughuli ya chai ya unga, matcha, na jina lake ni jina la tunda: kunazi. Si kunazi yetu hasa, ni ya ndugu yake wa Asia ya Mashariki, lakini ukikiona kijaluba chenyewe utacheka kwa jinsi kilivyofanana nayo, kipana juu na kikisinyaa kidogo kuelekea chini. Sen no Rikyu, bwana wa chai aliyefariki 1591, alizipenda zile nyeusi tupu zisizo na mchoro, na mpaka leo natsume nyingi hutengenezwa kwa umbo linalobeba jina lake. Mimi nililipa yen 2,400, nikafurahi kwamba nimepata rahisi. Ilikuwa plastiki iliyopakwa rangi ya kiwandani. Neno urushi lilikuwa kwenye picha ya tangazo, kwenye bidhaa halikuwemo.

Tangu siku hiyo nasoma kibandiko. Vyombo hivi huuzwa na kibandiko kinachotaja mambo mawili mbalimbali: mwili wa chombo ni kitu gani, na kilichopakwa juu yake ni nini. Tafuta herufi ya urushi, 漆, yenye vitone vitatu vya maji ubavuni mwake, kwenye mstari wa kupakwa, na 天然木, mbao halisi, kwenye mstari wa mwili. Zote mbili. Kuna vyombo vya mbao vilivyopakwa rangi ya kiwandani, na kuna vya plastiki vilivyopakwa urushi. Yamanaka kwenyewe hutengeneza vya plastiki kwa wingi tangu miaka ya 1950, na ni vyombo vizuri kwa kazi yake, havivunjiki na bei yake wengi wanaiweza. Mtu akivinunua akijua ni plastiki, sina ubaya naye.

Kosa la pili lilikuwa langu mwenyewe. Niliijaza natsume ile matcha nikaiacha kabatini wiki tano. Ilipoteza rangi yake ya majani mabichi ikawa ya zaituni, na ladha ikawa ya majani makavu ya ua. Hapo plastiki haikuwa na hatia, hata ya mbao bora ingefanya vile vile. Natsume si chombo cha kuhifadhia. Matcha hukaa kwenye kopo lake lililozibwa, mahali pa baridi, na ile ya siku hiyo tu ndiyo huchekechwa na kuwekwa kwenye natsume, irundikwe katikati kama kilima kidogo. Kijaluba kipo kwa ajili ya mgeni, ili mwenyeji akifungua mgeni aone kilima kile. Ukitaka kuhifadhi majani, nunua mkebe wenye kifuniko cha ndani. Huo ndio niliokwenda kuutafuta Yamanaka.

Wangu una upana wa sentimita 8 na kimo cha 10, na kwa mizani ya jikoni una gramu 118 ukiwa mtupu pamoja na vifuniko vyote viwili. Unaingia gramu 130 hivi za chai yetu ya PF1, lile daraja la punje ndogo, ambayo dada yangu huniletea, au gramu 70 za Kaga boucha, ile chai ya Kanazawa ya vikonyo vilivyokaangwa, ambavyo ni vyepesi na vinakula nafasi. Ukiushika ndipo unashtuka. Macho yanatarajia uzito wa mti, mkono unapokea uzito wa mayai mawili. Asubuhi za Februari, kopo la bati linapouma vidole kwa baridi, mbao hii inakuwa na joto la mkono wako mwenyewe baada ya nukta chache.

Mwezi wa kwanza ulikuwa na harufu. Nasema wazi kwa sababu maduka hayasemi. Urushi mpya inanuka, si vibaya, ni harufu kali kidogo ya kitu kilichochachuka, lakini kwa chai ni sumu. Mama wa duka alinipa dawa ya wazee: uuweke wazi ndani ya pipa la mchele, uufukie nusu, uuache. Niliuacha wiki tatu. Harufu ilitoka yote, na wali wetu haukupata chochote.

Baada ya hapo nikaujaribu kama tulivyojaribu vitu kazini. Nilichukua PF1 ya pakiti moja nikaigawa: gramu 50 kwenye mkebe wa Yamanaka, 50 kwenye kopo la bati lenye kifuniko cha ndani, 50 kwenye chupa ya plastiki ya jikoni. Nikavitia vyote kabati moja na karafuu, iliki, mdalasini na bizari ya pilau, mwezi mzima. Kisha nikapika gramu 2 kwa mililita 100 za maji yaliyochemka, dakika 6, bila maziwa, na mume wangu akavipanga vikombe nisijue kipi ni kipi. Cha plastiki nilikijua kabla sijakifikisha mdomoni: karafuu tupu. Vile viwili vingine vilikuwa safi. Cha bati kilikuwa na uchangamfu kidogo zaidi mwishoni mwa ulimi, ule ukali mzuri ambao chai ya Kenya husifiwa nao. Tofauti ni ndogo, mtu asiye na kazi hiyo hangeisikia, lakini ipo na siifichi.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Kama shida yako ni kuhifadhi chai miezi mitatu au minne, nunua ya chuma. Kaikado wa Kyoto wanatengeneza mikebe ya bati, shaba na shaba nyeupe kwa mkono tangu 1875, na kifuniko chake nacho huteremka chenyewe kama cha kwangu. Pia kuna ile ya gome la mcheri kutoka Kakunodate, mkoa wa Akita, inayong'aa bila kupakwa urushi. Mkebe wa Yamanaka ni wa chai unayokunywa sasa, ile utakayoimaliza kwa wiki tatu. Kwa kazi hiyo sijaona unaoupita, kwa sababu unaufungua mara mbili kwa siku, na mara mbili kwa siku mkono wako unapata kitu kizuri cha kushika.

Tarehe 1 Januari 2024, saa kumi na dakika kumi alasiri, ardhi ilitikisika. Kitovu kilikuwa rasi ya Noto, kaskazini mwetu, ukubwa wa 7.6. Kwetu Kanazawa kabati la jikoni lilifunguka na kila kitu kikamwagika. Chupa za bizari zilivunjika zote. Mkebe ulianguka kutoka kimo cha kifua changu, ukadunda sakafuni, ukabingirika mpaka mlangoni. Nilipouokota, kifuniko cha nje kilikuwa kimetoka na cha ndani kimeshika. Hakuna jani lililomwagika. Ukingo wa chini una kibonyeo cha ukubwa wa punje ya choroko, na ufa hakuna.

Wajima, wale wa upakaji katika msemo wetu, waliumia vibaya siku ile. Mtaa wa soko la asubuhi uliteketea kwa moto, karakana nyingi zikaanguka, na Septemba ya mwaka huo huo mafuriko yakawakuta tena. Upakaji wa Wajima huwekewa kitambaa na unga wa udongo wa kwao uliochomwa, na kazi moja hupita mikono ya watu wengi, kila mmoja na hatua yake. Mmoja akikosa mahali pa kufanyia kazi, wote wanasimama. Ukiwa na uwezo wa kununua chombo chao kimoja, hata kibakuli cha supu, nunua.

Narudi kwenye lawama. Ukavu: majira ya baridi tunawasha hita jikoni, na Januari ya pili kifuniko kililegea. Hakikushuka tena kwa pumzi, kilianguka tu. Nikauhamisha mbali na hita, nikaweka kikombe cha maji kabatini, na kufikia Machi kikarudi hali yake. Jua: hili ni kosa langu la uvivu. Niliuacha kiangazi kizima kwenye ukingo wa dirisha la mashariki, kwa sababu ulipendeza pale. Ubavu mmoja ulipauka, ukapoteza mng'ao, ukawa kama ngozi isiyopakwa mafuta. Urushi hustahimili maji, chumvi na ndimu, lakini jua la moja kwa moja linaiua. Maji ya moto ya mashine ya kuoshea vyombo pia usithubutu. Mimi huufuta kwa kitambaa laini cha pamba, basi.

Nilirudi nao Yamanaka. Siku hizi safari ni nyepesi: tangu Machi 2024 shinkansen, treni ya mwendo kasi, inasimama Kaga Onsen, na kutoka hapo kuna basi la nusu saa hivi. Duka liko mtaa wa Yuge, ule unaopanda kutoka bafu la umma. Mama alinitambua, akaugeuza mkebe kwenye mwanga, akaniuliza dirisha linaelekea wapi. Akasema utafutwa upya kwa urushi, mara mbili au tatu, yen 4,400, miezi miwili. Kile kibonyeo cha tetemeko aliuliza kama nataka kizibwe. Nikamwambia kiachwe.

Nilipokwenda kuuchukua, mpakaji mwenyewe alikuwepo dukani, mzee mwenye kucha nyeusi za urushi. Aliufungua mbele yangu, akaingiza pua, akatulia. Akasema kwa miezi miwili kila alipoufungua alikuwa akisikia chai asiyoijua, si sencha yao ya kijani, si boucha, na karakana nzima walibishana ni nini. Nikamwambia ni chai nyeusi ya milima ya Kenya, sisi huipika na maziwa, tangawizi na iliki. Aliniandikia anwani ya karakana kwenye karatasi ya kufungia mkebe. Jumamosi iliyofuata nilikwenda na robo kilo ya PF1 na sufuria yangu.